Pilipili Manga kwenye Usukani

Mama yangu ana sheria moja kuhusu magari: ndani ya gari hafumbi macho. Anaweza kusinzia kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri, anaweza kusinzia kwenye kikao cha ukoo watu wakigombea shamba la migomba, lakini ukimpakia kwenye gari anakaa wima, macho mbele, rozari mkononi, mpaka mfike. "Nikilala mimi, nani ataangalia njia?" huuliza, kana kwamba dereva naye ni abiria tu. Hata katika ile miaka miwili ambayo mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili, akawa anatutambua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu, bado akipanda gari aliyakodoa mbele vilevile. Haoni kitu, lakini analinda.

Habari hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mpwa wangu ameapa kwamba nisipoisimulia mimi ataisimulia yeye, na huyo binti kwa kutia chumvi hajambo.

Macho yale yalikuwa yanatibika. Daktari aliyepita misheni kule Matombo kuwapima wazee alisema waziwazi: apelekwe Dodoma, afanyiwe jicho moja kwanza, la pili lifuate baadaye, na asicheleweshwe, maana mtoto wa jicho akikomaa sana kazi inakuwa ngumu. Mama akashukuru, akarudi nyumbani kupalilia. Alikuwa anapalilia kwa kupapasa. Mihogo michanga na magugu aliving'oa pamoja, kisha akalalamika kwamba mwaka huu mihogo haikuota.

Sababu ya kukataa kwake ilikuwa pikapu. Miaka kadhaa nyuma alikuwa akishuka mjini kwenye pikapu ambayo dereva wake aliongea na simu toka Matombo, kona baada ya kona, mkono mmoja sikioni na mwingine ukieleza mambo hewani. Wakaishia kwenye migomba ya watu. Hakuumia mtu, ila kuku mmoja aliyekuwa kwenye tenga alitoka humo akiwa hana mkia. Tangu siku hiyo mama akaweka sharti, na mama akiweka sharti hata paroko hulikwepa: hapandi gari kwenda mbali mpaka aendeshwe na mwanawe mwenyewe, kwa mikono yake miwili. Mwanawe mwenyewe ni mimi. Na mimi sikuwa na gari.

Sikuwa na gari, lakini leseni ninayo, na ubishi ninao. Nilikuwa bwana shamba kule Dakawa kwenye mpunga wa umwagiliaji mpaka nilipostaafu, na gari la ofisi niliendesha mimi. Kazi yangu kubwa haikuwa mbegu wala mbolea. Ilikuwa kugombana na wakulima waliofungua mlango wa maji, wakaona yanaingia vizuri jarubani, wakaenda zao kunywa chai. Wakirudi, tuta limebomoka na mpunga wa jirani umezama. "Lakini maji yalikuwa yanakwenda vizuri, bwana shamba!" Nami nilikuwa na jibu moja, nililisema mpaka likawa jina langu la utani: maji yanajua kwenda, hayajui kuacha. Kaa hapo uyaangalie. Nilikuwa mkali kwelikweli. Mkumbuke hilo tukifika mbele.

Sasa mpwa wangu. Ni binti wa marehemu dada yangu, na kwetu Waluguru mtoto wa dada ni wako kuliko hata wa kwako, kwa hiyo alipopata kazi nzuri mjini Morogoro nilifurahi kama niliyeajiriwa mimi. Akanunua gari la mtumba kutoka Japani. Dogo, jeupe, linang'aa, na lina akili. Kwenye kioo cha mbele kuna kamera inayoangalia barabara. Ukibonyeza kitufe fulani pale kwenye usukani, gari linajishika lenyewe katikati ya mistari, linapinda barabara inapopinda, linapunguza mwendo likikuta gari jingine mbele na kuongeza likiondoka. Mara ya kwanza aliponionyesha, kwenye barabara ya Msamvu, nilishika dashibodi kwa mikono miwili na kutaja watakatifu ambao sikuwataja tangu kipaimara.

"Mjomba," akaniambia siku aliyonikabidhi ufunguo ili nimpeleke bibi yake Dodoma, "sikiliza vizuri. Hili gari linasaidia tu. Dereva ni wewe. Mikono isitoke kwenye usukani, na macho yasitoke barabarani. Likiona hujashika litakupigia kelele."

"Wewe," nikamjibu, "mimi nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa."

"Najua, mjomba. Samahani. Lakini wakati huo magari hayakuwa yanakudanganya."

Nikaona amenikosea adabu. Nikachukua ufunguo.

Kumshusha mama kutoka Matombo kulikwenda salama, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Barabara ile haina mstari hata mmoja wa rangi. Ina mawe, ina makorongo, na ina akina mama wenye ndizi vichwani wanaotembea katikati kwa sababu ndiyo barabara yao. Kamera ilitazama, ikakosa pa kushika, ikanyamaza. Nikaendesha mwenyewe kilomita zote, jasho likinitoka, na chini gari likikwaruzwa mara mbili tatu kwa sauti ambayo sikumsimulia mpwa. Mama alikaa mbele kushoto kwangu akisikiliza kila badiliko la usukani. Tulipofika lami akasema, "Sawa. Umeendesha." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Asubuhi ya pili, baada ya chai, tukaondoka Morogoro kwenda Dodoma. Kwapani mama alikuwa na kifuko alichokishona mwenyewe kwa kipande cha khanga, kimejaa pilipili manga ya shambani kwake, kama kilo moja hivi, kwa ajili ya daktari. Mtu anayekufungua macho huwezi kumwendea mikono mitupu. Nikakichukua, nikamwambia nakiweka kwenye buti. Nilikiweka miguuni pangu, kwa uvivu.

Tulipouacha mji wetu mdogo na barabara ikanyooka, mkono ukaanza kuniwasha. Nikabonyeza kitufe. Gari likalia kengele ndogo, usukani ukakaza, likaanza kujiendesha. Nikaachia kidole kimoja kimoja kama mtu anayemwachia mtoto anayejifunza kutembea.

Baada ya muda mfupi sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani, kwa upole kabisa.

Mama akageuka. "Nani huyo?"

"Ni gari, mama."

"Kabila gani?"

"Mjapani."

"Amesema nini?"

"Amesema karibu."

"Mbona hajaniamkia?"

"Kwao hawana shikamoo, mama."

Akaguna. Sauti ikarudi, neno kwa neno. Nikagusa usukani, ikanyamaza. Nikaachia, ikarudi. Ikarudi Mikumi tulikoiacha kushoto kwetu, hapana, nasema uongo, njia ya Mikumi ni nyingine. Nilichanganyikiwa hivyo hivyo na siku ile. Ikarudi tulipopita njia ya Dakawa, ikarudi Dumila. Kila ikirudi, mama anauliza imesema nini, nami namtafsiria: inasema pole na safari, inasema hali ya hewa ni nzuri, inasema ukifika usalimie. Nilikuwa natafsiri Kijapani kama padri mmisionari. Na kila baada ya muda mama aliuliza lile swali lake jingine, lile la pikapu:

"Ni wewe unayeendesha?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

Niseme wazi: nilimdanganya mama yangu kwa sababu haoni. Wakati ule sikuliita hivyo. Niliona ni mzaha, na nilijiona mjanja, mwanaume wa miaka sitini na mbili anayesafiri kwa mashine ya kisasa huku mikono imelala mapajani.

Gairo tukasimama. Gairo ukipita bila kununua karanga ni kama umekwenda harusini ukarudi bila kula. Nikanunua karanga za kuchemsha, zile za maganda, bado zinatoa mvuke, mfuko mzima. Lakini karanga za kuchemsha zina tabia yake: zinataka mikono miwili. Mkono mmoja unashika, mwingine unabonyeza. Na yule mwanamke wa Kijapani hakutaka kuniacha nile. Ndipo nilipokiona kifuko cha pilipili manga miguuni pangu, na shetani akanipitia. Kilikuwa na kamba. Nikakifunga upande mmoja wa usukani, kikaning'inia kwa uzito wake, na gari likadhani ni mkono wa mtu. Likanyamaza kimya. Nakumbuka nilicheka peke yangu.

"Unacheka nini?" mama akauliza.

"Nimefurahi tu, mama. Kula karanga."

Kutoka Gairo barabara inapanda vilima, inapinda na kushuka. Gari lilikuwa linapinda nayo, mimi namenya. Namenya moja yangu, namenya moja nampa mama kiganjani. Macho yangu yalikuwa kwenye mfuko, natafuta zile zenye punje tatu.

Chini ya matairi pakasikika sauti. Chakacha. Kisha tena, chakacha, chakacha.

"Majani!" mama akapiga kelele. "Majani hayo! Simama!"

Hakuna Mtanzania asiyeijua sauti ile, ila mimi siku ile. Kwetu lori likiharibika njiani, wenye lori hukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani kwa mstari, kutoka mbali mpaka kwenye mkia wa lori. Zile pembetatu nyekundu zinazong'aa zipo kisheria, lakini ukiziweka chini, ukigeuka zimeshapata mwenyewe. Majani hayaibwi. Kila mtu anayajua, mwenye baiskeli anayajua, mtoto wa darasa la kwanza anayajua: ukiona majani, mbele pana jambo. Lakini kamera ilifundishwa kwao, na kwao majani barabarani ni upepo umevuma.

Niliinua macho. Baada ya kona, katika njia yetu hii hii, lori la magunia limesimama, refu kama godauni. Mguu ulitangulia akili. Nilikanyaga breki mpaka nikanyanyuka kwenye kiti. Gari nalo likaanza kulia na kuwaka taa nyekundu, lakini haki isemwe: mama alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, lenyewe la tatu. Tulisimama kukiwa kumebaki nafasi ya kutandika kitanda kimoja, tena cha mtu asiyeoa.

Halafu nikasikia kitu kama mvua ndogo juu ya bati. Kifuko kilikuwa kimepasuka, na pilipili manga zinatiririka sakafuni, punje kwa punje, zinabingirika chini ya viti.

Mama alinusa. "Hiyo ni pilipili manga yangu."

"Ndiyo, mama."

"Si uliniambia iko kwenye buti?"

Akanyoosha mkono. "Lete mkono wako." Nikampa wa kushoto. Akaupapasa, akaunusa. "Huu una karanga. Lete mwingine." Nikampa. Akaupapasa, akaunusa kwa muda mrefu zaidi. "Na huu una karanga. Sasa usukani alikuwa ameshika nani?"

"Gari, mama."

"Huyo Mjapani?"

"Huyo huyo."

Akaniachia mikono. Aliongea taratibu, na heri angefoka. "Ningekuwa naona, ungefanya hivyo?"

Nimesomesha, nimestaafu, nina wajukuu, na pale nilikuwa mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Nikafanya kitu cha kijinga cha mwisho: nikasema, "Lakini lilikuwa linakwenda vizuri, mama." Na neno hilo lilipotoka mdomoni nikalitambua. Niliwahi kulisikia mara nyingi, kutoka kwa watu waliosimama mbele yangu na matope magotini.

Mwenye lori akaja akikimbia, mwiko wa ugali bado mkononi, maana walikuwa wanapika upande wa pili wa lori. Kwanza akaniambia nitoe gari barabarani kabla hatujapata wenzetu mgongoni. Nikalitoa, nikaliegesha mbele ya lori, mbali na lami. Kisha akaja dirishani, akamwona mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo majani umeweka wewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Umeweka vizuri. Nimeyasikia."

Akanigeukia. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka thelathini, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haki. "Mzee, hukuyaona majani yangu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba gari hili lina kamera, na kamera haikuyatambua.

Akaniangalia, akauangalia mwiko, akaniangalia tena. "Mzee wangu, majani sikuliwekea gari. Nilikuwekea wewe."

Mama alifungua mlango, akashuka kwa kupapasa, akamwomba mwenye lori amwonyeshe pa kukaa. Alikalishwa juu ya dumu la maji lililogeuzwa, akapewa ugali na dagaa, akanawa, akala. Mimi nilisimama pembeni kama mkwe. Alipomaliza akatoa uamuzi wake.

"Mimi siendi. Jicho lenyewe kuukuu, limeona mengi, linatosha. Huyu kijana lori lake likipona atanirudisha Morogoro. Huyu anajua kuweka majani."

"Bibi," mwenye lori akasema, "mimi nasubiri kifaa kitoke Dar. Ni kesho kutwa, kama si mtondo."

"Nitasubiri. Ugali upo."

Hapo ndipo woga ulinishika hasa, kuliko hata kwenye breki. Nilimjua. Akirudi Matombo bila kutibiwa hangetoka tena, si kwa mwanawe wala kwa askofu, na angemaliza umri wake akipapasa mihogo kwa sababu mimi nilitaka kula karanga. Nikaenda, nikapiga magoti kwenye mchanga mbele ya lile dumu. Nikamwambia: mama, nilikudanganya, tangu Morogoro, njia nzima. Yule mwanamke wala sijui alikuwa anasema nini. Nilifanya hivyo kwa sababu huoni. Nisamehe.

Rozari ilizunguka vidoleni mwake.

"Hilo kalisemee kwenye kitubio," akasema. "Mimi nataka kujua nitakuaminije kutoka hapa mpaka Dodoma, na macho sina."

Aliyekuwa na jibu ni mwenye lori, akikwangua sufuria. "Bibi, yeye ashike usukani, na wewe umshike yeye."

Na ndivyo tulivyokwenda. Nilizima kila kitufe kilichokuwa kinawaka. Mama akaweka kiganja chake cha kulia juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akakiacha hapo. Nikipinda, anapinda nami. Nikitaka kujikuna, naomba ruhusa. Kibaigwa nilitaka kupiga chafya, maana punje zilizokanyagwa zilikuwa zimeanza kutoa harufu, akaniambia, "Piga, lakini mkono ubaki." Mkono wake ni mwepesi, mkavu, mikunjo mitupu, na sijawahi kuendesha gari zito kama lile.

Dodoma, kwenye maegesho ya hospitali, nilipiga magoti mara ya pili siku hiyo na kuokota pilipili manga chini ya viti, punje kwa punje, mama amesimama nje akinisikiliza. Zilipatikana kama robo tatu. Daktari alizipokea kwa furaha na hakuuliza kwa nini zina maganda ya karanga.

Usiku nilimpigia mpwa simu. Ningeweza kunyamaza, lakini gari ni lake na bibi ni wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza yule mwanamke alikuwa anasemaje, nikamwigizia maneno kama nilivyoyakumbuka. Mpwa kazini kwake kuna mtu aliyesoma Japani, na ndiye aliyemfafanulia gari lile lilipofika.

"Mjomba, alikuwa anasema, tafadhali shika usukani."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Alianza kucheka, akacheka mpaka nikacheka, halafu kicheko chake kikakatika ghafla. "Mjomba, samahani kwa kukusema. Lakini ungeniulia bibi yangu." Mimi ni mjomba, kwetu neno la mwisho ni langu. Nikamwambia, "Kweli." Hilo ndilo lilikuwa neno langu la mwisho.

Walimfanyia jicho la kulia. Asubuhi yake bandeji ilipotolewa alikaa akipepesa, akiangalia dirisha, akiangalia pazia, akiangalia muuguzi. Nikasogea. Aliniangalia kwa muda.

"Umezeeka," akasema. Kisha akashuka na lile jicho mpaka mapajani pangu. "Na hii ndiyo mikono yenyewe?"

Siku ya kurudi alikaa kushoto kama kawaida yake, lakini jicho halikuwa mbele. Lilikuwa kwenye usukani. Jicho ambalo lilikuwa halijaona kitu kwa miaka miwili, lenye kila sababu ya kutazama watu na nguo na mbuzi na matangazo ya rangi, lilitazama mikono ya mwanaume mzee kutoka Dodoma mpaka karibu na Gairo. Jua, milima, vyote havikupata hata nusu dakika. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa namna ambayo vidole viliuma.

Kwenye kile kilima lori halikuwepo. Limepona, limeondoka. Lakini majani yalikuwepo, yamenyauka, yamelala kwa mstari uleule katika njia ya wanaokwenda Dodoma, yakionya jambo ambalo halipo tena. Hiyo nayo ni tabia yetu: kuweka tunajua, kutoa tunasahau. Mtu akizoea kukuta majani bila lori, siku moja atakuta majani yenye lori asipunguze mwendo.

Nilipunguza mwendo kabla mama hajasema kitu. Nikatoka barabarani, nikasimama, nikawasha taa za hatari, nikashuka. Nilisubiri magari yapite, nikavuka, nikayakusanya yale matawi moja moja na kuyatupa porini, mpaka la mwisho. Niliporudi na vumbi mikononi, mama alikuwa amegeuza kichwa chote ili jicho lake lifike.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Hakuna, mama."

Akaguna. Nikafunga mkanda, nikatazama nyuma, nikaingia barabarani. Baada ya Gairo, ambapo hatukununua kitu, nikasubiri aulize swali lake, lile la mikono. Hakuuliza. Dumila hakuuliza. Nikaiba nukta moja ya kumtazama, nikadhani amezidiwa.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mlango, rozari imeanguka mapajani, mdomo wazi kidogo, na lile jicho jipya, lililotugharimu miaka miwili ya ubishi na kupiga kwangu magoti mara mbili, amelifumba. Ndani ya gari.

Karibu na Morogoro milima ya Uluguru ikatokeza mbele, yote, bila wingu hata moja, kijani mpaka kileleni. Nilitaka kumwamsha aione, aliililia sana katika ile miaka miwili. Nikaacha. Milima haiendi popote, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.